Kama virusi vinaua asilimia 99.9 ya bakteria, kwa nini nyama bado inatakiwa kuiva?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nimesoma makala inayosema wanasayansi wamepata virusi vinavyoua bakteria, na kwamba vikinyunyizwa kwenye nyama vinamaliza asilimia 99.9 ya vimelea hatari. Nina maswali matatu. Je, kula virusi hivyo ni salama kweli? Kama dawa imeshapatikana, mbona bado tunasikia watu wanaugua na kufa kwa sababu ya chakula? Na la tatu, mke wangu ana mimba ya miezi mitano, na kliniki wamemwambia aepuke nyama za kwenye friji zinazouzwa zikiwa tayari kuliwa. Zile zilizonyunyiziwa virusi anaweza kula?

Jibu: Ndugu yangu, hongereni kwa ujauzito. Swali la mama kijacho nitalijibu mwisho, kwa sababu jibu lake halitaeleweka kabla hatujaifumua hiyo asilimia 99.9. Imewapotosha wengi kuliko hata hofu ya virusi.

Sisi tunaohesabu bakteria maabara hatuzungumzi kwa asilimia, tunazungumza kwa logi. Logi moja ni kupunguza mara kumi: waliokuwa milioni wanabaki laki moja. Logi mbili, wanabaki elfu kumi. Logi tatu, wanabaki elfu moja, na hiyo ndiyo asilimia 99.9 uliyoisoma. Inasikika kama kazi imekwisha. Sasa chukua kipande hicho cha nyama iliyopikwa, kikafungwa na kuwekwa kwenye friji ya nyuzi 4. Baridi hiyo huwasimamisha bakteria wengi wanaotudhuru, lakini bakteria aitwaye listeria haimsimamishi. Anakwenda polepole tu, anajigawa mara moja katika kila siku moja au mbili hivi. Elfu moja wakijigawa mara kumi wanakuwa milioni na ushei. Maana yake baada ya siku 10 hadi 20 umerudi pale pale ulipoanzia, na tarehe ya mwisho ya matumizi pengine bado haijafika.

Nikutendee haki: nyama ya kawaida haiendi sokoni na listeria milioni moja. Watafiti ndio hupandikiza wengi kwa makusudi, ili wapate cha kuhesabu kabla na baada. Ila hilo lenyewe ni sababu ya kusoma matokeo kwa tahadhari. Bakteria waliolelewa vizuri kwenye chupa ya maabara, wakapakwa juu ya kipande kisafi jana yake, hawafanani na wale walioishi miezi kadhaa kwenye mfereji wa kiwanda.

Linganisha na chakula cha makopo. Huko kinacholengwa ni spora (maganda magumu ambamo bakteria hujifungia ili avumilie joto) za bakteria wa botulinamu, ambaye sumu yake ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Kiwango kilichokubalika kwa vyakula visivyo na asidi ya kutosha ni logi 12, si tatu. Hufikiwa kwa nyuzi 121 kwa takriban dakika 3, na dakika hizo huhesabiwa katikati ya kopo, mahali ambapo joto huchelewa kuliko pote. Ukiziweka logi 3 za dawa ya kunyunyiza karibu na logi 12 za kopo, utaelewa kwa nini wenzangu hawakurusha kofia juu waliposoma ile makala.

Halafu kuna suala la dozi. Ili salmonela amuugulishe mtu mzima mwenye afya, mara nyingi huhitajika bakteria wengi, ingawa kwenye chakula chenye mafuta mengi wachache wameshatosha. E. coli wa aina ya O157 ni mwingine kabisa: wasiofika 100 wanaweza kumlaza mtoto hospitali na figo zikasimama. Kwa kimelea wa namna hiyo, kuacha elfu moja si ushindi.

Sasa virusi vyenyewe. Jina lao ni bakteriofaji, sisi tunafupisha tunasema faji. Si uvumbuzi wa juzi: Mwingereza Frederick Twort alivieleza mwaka 1915, na Félix d'Herelle, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, akavipa jina mwaka 1917. Faji inatua juu ya bakteria, inashika sehemu maalumu ya ukuta wake, kisha inaingiza vinasaba vyake ndani. Kuanzia hapo bakteria si wake tena, anageuzwa kuwa mtambo wa kutengeneza faji nyingine. Mara nyingi haipiti saa moja au zaidi kidogo kabla hajapasuka na kumwaga faji mpya makumi au mamia, nazo zinatafuta mwingine wa kushika.

Hiyo sehemu ya kushika ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Seli za binadamu hazina. Faji ya listeria haiwezi kumshika hata salmonela, sembuse wewe. Na kama wazo la kula virusi linakutia kinyaa, umechelewa: faji zimejaa kwenye maji, udongo, mboga na ndani ya utumbo wako, na umekuwa ukizimeza tangu utotoni. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mchanganyiko wa faji sita unyunyiziwe kwenye nyama zilizo tayari kuliwa dhidi ya listeria.

Lakini usalama huo una sharti, na makala nyingi hulipita. Faji ziko za tabia mbili. Moja inaingia na kuua. Nyingine inaingia, inachomeka vinasaba vyake katikati ya vinasaba vya bakteria, inatulia humo vizazi na vizazi, na wakati mwingine inamwachia bakteria zawadi mbaya. Ile sumu inayoharibu figo, inayomfanya E. coli O157 aogopwe hivyo, jeni zake zililetwa na faji ya aina hii. Kwa hiyo anayetengeneza dawa ya faji hawezi kuokota yoyote inayoua vizuri kwenye sahani ya maabara. Lazima asome vinasaba vyake vyote mwanzo hadi mwisho, ahakikishe hazina jeni ya sumu wala ya usugu wa dawa, na kwamba hazina uwezo wa kutulia ndani ya bakteria. Utafiti usioonyesha hatua hiyo mimi huwa siumalizi kuusoma.

Kuhusu uwezo wake, faji haina miguu wala mkia wa kuogelea. Kwenye kimiminika hupelekwa huku na huku mpaka ikutane na bakteria. Kwenye kipande kikavu cha nyama inabaki pale tone lilipoangukia, na listeria aliyejificha kwenye ufa nusu milimita pembeni hana habari nayo. Ndiyo maana majaribio mengi kwenye vyakula vigumu yana umbo moja: katika saa za mwanzo idadi inashuka kwa logi moja hadi tatu, kisha inatulia, kisha walionusurika wanaanza kuongezeka tena kama kawaida yao. Faji imewapunguza mwanzoni. Haikukaa kuwalinda.

Tena bakteria wanajifunza. Hapa nitatoka nje ya mada kidogo, maana kisa chenyewe kinapendeza. Adui mkubwa wa viwanda vya mtindi kwa miaka mingi amekuwa ni hizi hizi faji, kwa kuwa zinaua bakteria wazuri wanaogandisha maziwa. Watafiti wa kampuni moja ya vimelea vya maziwa walipochunguza kwa nini baadhi ya bakteria hao wanapona, walionyesha mwaka 2007 kwamba bakteria aliyenusurika huhifadhi kipande cha vinasaba vya faji iliyomshambulia, na siku faji hiyo ikirudi anaitambua na kuikatakata. Mfumo huo ni CRISPR, uleule ambao baadaye uligeuzwa kuwa chombo cha kuhariri jeni. Kwa hiyo unaposikia dawa ya faji ina faji sita badala ya moja, sababu ni hiyo: bakteria akiizoea moja, zibaki tano.

Swali la pili. Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2015, lilisema chakula kilichochafuliwa huwaugulisha watu wapatao milioni 600 kila mwaka na kuua 420,000, kati yao 125,000 wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Idadi hiyo inajumuisha virusi, minyoo na kemikali, ila bakteria wana fungu kubwa. Inakuwaje wakati tunajua njia nyingi hivi za kuwaua?

Kumuua bakteria si kazi ngumu. Kazi ni kumuua bila kuharibu chakula, na zaidi ya hapo kumfikia alipo na kumzuia asirudi. Tazama kilichotokea Afrika Kusini kati ya 2017 na 2018, katika mlipuko wa listeria uliokuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa zaidi ya 1,000 na waliokufa zaidi ya 200, vichanga wakiwa kundi kubwa kati yao. Maabara zilisoma vinasaba vya bakteria wa wagonjwa zikakuta zaidi ya tisa kati ya kila kumi ni wa ukoo mmoja, dalili kwamba chanzo ni kimoja. Ukoo huohuo ukapatikana ndani ya kiwanda kilichokuwa kikitengeneza nyama za kusindika. Nyama hizo zilikuwa zinapikwa. Katika milipuko ya namna hii joto kwa kawaida limefanya kazi yake, na bakteria anaingia baadaye, kati ya kupikwa na kufungwa, kutoka kwenye mazingira ya kiwanda.

Na kiwandani hakai peke yake. Bakteria wakitua kwenye chuma, mpira wa mlango au kona ya mashine ya kukata nyama ambapo maji hayakauki, hujishikiza na kujifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe. Tunauita utando. Umewahi kupitisha kidole ndani ya bomba la sinki ukasikia utelezi? Ni huo. Dawa ya klorini inayomuua bakteria anayeelea kwa sekunde chache huishia juu ya ute huo, inachoka kabla ya kufika chini. Kuna viwanda ambamo ukoo uleule wa listeria umepatikana mwaka baada ya mwaka, pamoja na kuoshwa kila usiku. Suluhisho mara nyingi halikuwa dawa kali zaidi. Lilikuwa kufungua mashine nati kwa nati na kusugua kwa brashi, au kuitupa na kununua iliyoundwa bila kona za kujificha. Utafiti wa kuunda mashine hauandikwi magazetini, lakini nadhani umeokoa watu wengi kuliko dawa kadhaa zenye majina makubwa.

Zipo pia sumu ambazo hubaki baada ya mwenyewe kufa. Stafilokokasi wa kwenye ngozi na pua zetu akiachwa azaliane kwenye chakula kilichopoa kwenye meza, anatoa sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Ukikipasha moto umeua bakteria, umebakiza sumu, na baada ya saa chache unatapika. Hapo faji, joto na mionzi vyote vimechelewa.

Na kuna wanaojifanya wamekufa. Kwa kawaida tunajua bakteria amekufa kwa sababu tukimpaka kwenye sahani ya chakula cha maabara haoti. Lakini akibanwa na klorini au baridi kali anaweza kuingia katika hali ambayo haoti kwenye sahani ingawa yu hai. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walionyesha hivyo kwa listeria na salmonela waliokuwa juu ya majani ya spinachi yaliyooshwa kwa maji ya klorini, na salmonela wa hali hiyo bado walikuwa na uwezo wa kudhuru minyoo iliyotumika katika majaribio. Kipimo kinasema sifuri, na sifuri hiyo si ya kweli. Hili ndilo eneo la utafiti ninalolifuatilia kwa karibu kuliko yote, kwa kuwa likitikisika, takwimu nyingi tulizozizoea zinatikisika nalo.

Usikate tamaa lakini, zipo njia zilizofanya kazi vizuri sana, na nyingine zilianzia mbali kabisa na jikoni. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland waliwapa vifaranga wa siku moja vimelea kutoka utumbo wa kuku wakubwa wenye afya. Vifaranga waliopewa hawakushikwa na salmonela kirahisi kama wenzao, kwa sababu utumbo ulikuwa tayari umejaa wenyeji. Uingereza nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kuku wa mayai walianza kuchanjwa kwa wingi dhidi ya salmonela, na wagonjwa wa aina hiyo ya salmonela walipungua sana katika miaka iliyofuata. Hapo hakuna aliyenyunyizia yai kitu chochote.

Njia nyingine ni shinikizo. Mwaka 1899 Bert Hite wa West Virginia alijaribu kuyabana maziwa kwa shinikizo kubwa akaona yanachelewa kuchacha, ila mitambo ya wakati wake haikumudu. Leo chakula kikiwa kimeshafungwa huzamishwa kwenye maji ndani ya silinda ya chuma na kubanwa hadi megapaskali 600 kwa dakika chache. Hilo ni shinikizo linalozidi mara tano lile la sakafu ya bahari yenye kina kikubwa kuliko zote. Chakula hakipondeki kwa sababu kinabanwa sawasawa kutoka pande zote, lakini protini za bakteria na ngozi yake ya nje vinavurugika, anakufa. Ninaipenda njia hii kwa sababu moja: inafanyika baada ya kufunga, kwa hiyo yule wa kwenye kona ya mashine hapati nafasi tena. Udhaifu wake ni spora, hizo zinavumilia.

Mionzi pia inaweza kupita ndani ya kifungashio, na kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), IAEA (shirika la nishati ya atomiki) na Shirika la Afya Duniani ilikubali tangu 1980 kwamba dozi hadi kilogrei 10 (kilogrei ni kipimo cha mionzi) haina madhara kwa mlaji. Chakula hakigeuki kuwa na mionzi. Kinachoizuia ni hofu ya walaji kuliko sayansi, na sioni hofu hiyo ikiondoka karibuni.

Zaidi ya yote ni mbinu ya vizingiti, iliyofafanuliwa na Mjerumani Lothar Leistner. Badala ya pigo moja kubwa linaloharibu ladha, unaweka vidogo kadhaa: asidi kidogo, chumvi kidogo, baridi, maji pungufu, pengine na nisini, kinga ambayo bakteria mmoja wa maziwa huitengeneza kuwaua jamaa zake. Nisini peke yake haimwezi salmonela wala E. coli, kwa sababu wana ngozi ya pili ya nje inayoizuia isifike. Lakini bakteria anayelazimika kusukuma asidi nje, kurekebisha chumvi ndani na kupambana na baridi kwa wakati mmoja huishiwa nguvu, hata kama hakuna kizingiti hata kimoja ambacho kingemuua peke yake. Faji zina nafasi nzuri hapa, kama kizingiti kimoja kati ya kadhaa. Tahadhari yake ni kwamba vizingiti vikiwa hafifu mno vinamkomaza: aliyezoeshwa asidi taratibu huweza kulivumilia joto kuliko mwenzake ambaye hajazoeshwa.

Tuje kwa mama kijacho. Asile nyama hizo za baridi, ziwe zimenyunyiziwa faji au hazikunyunyiziwa. Faji hupunguza idadi, hazitoi hakikisho, na mjamzito yuko katika hatari ya kupata ugonjwa wa listeria kubwa kuliko watu wengine, takriban mara kumi. Kwake unaweza kuja kama mafua tu: homa, uchovu, mwili kuuma. Lakini bakteria huyu anavuka kondo la nyuma kumfikia mtoto, na mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa mfu au mgonjwa sana.

Akiitamani sana, aipashe moto mpaka itoe mvuke hadi katikati, nyuzi 74 kama mna kipimajoto cha chakula, aile ingali moto, asiirudishe kwenye friji ili aile baridi kesho. Maziwa ambayo hayajachemshwa na jibini laini za maziwa hayo nazo aziache. Friji yenu iwe nyuzi 4 au chini yake, na chakula cha aina hiyo kisikae humo muda mrefu kwa kuwa tu tarehe haijafika.

Na jambo la kukumbuka hospitalini: dalili za listeria zinaweza kuchelewa hadi siku 70 baada ya kula. Akipata homa, aende mapema, na amweleze daktari kwamba ni mjamzito na kwamba alikula nyama ya namna hiyo, hata kama ilikuwa mwezi uliopita. Kipimo ni cha damu, na dawa ipo, antibiotiki za jamii ya penisilini ambazo mjamzito anaruhusiwa. Zikianza mapema huweza kumkinga yeye pamoja na mtoto.